Miti ya malisho ipimwe kabla ya kupandwa

Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus, wafugaji wa kando ya Ziwa Baringo nchini Kenya, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Katika kudai haki yao walimfikisha mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno, ili waheshimiwa wajionee wenyewe. Walichokilalamikia ni mathenge, mti wenye asili ya Amerika uliopandwa katika eneo lao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupitia mradi wa serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Ulipelekwa huko ushike udongo, utoe kuni, na ulishe mifugo katika nchi ambayo nyasi hukauka kwa miezi mingi ya mwaka.

Mti ulishika, kisha ukasambaa hadi ukameza malisho ya asili. Majani yake mifugo iliyakataa. Ilichokipenda ni maganda yake ya mbegu, yaliyojaa sukari, na sukari hiyo ilinata kwenye meno na fizi za mbuzi siku hadi siku mpaka meno yakaoza na wanyama wakashindwa kutafuna. Baadaye sana wataalamu wa misitu wa Kenya walianza kuwafundisha wananchi kwamba maganda yaleyale, yakikaushwa na kusagwa pamoja na mbegu zake, ni chakula kizuri cha mifugo. Elimu ya kuwalisha mifugo mti huo ilichelewa kwa takriban miaka ishirini baada ya mti wenyewe kufika.

Kosa la aina hiyo linaweza kurudiwa leo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tanzania imekuwa ikiziagiza halmashauri zake zipande miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka. Kampeni zote mbili ni za kupongezwa, na kila mwenye macho anaona jinsi vilima vilivyobaki vipara. Lakini kwenye ripoti za kampeni hizi huulizwa maswali mawili: ni miche mingapi imepandwa, na ni mingapi imepona. Swali la tatu, ambalo mamilioni ya wafugaji wangelipenda liulizwe kwanza, husahaulika: je, majani ya mti huu yatamshibisha ng'ombe, na kwa kiasi gani?

Hoja ya makala haya ni moja. Jani la mti ni chakula kama pumba na mashudu, na linastahili kushughulikiwa kama chakula: lijulikane lina nini ndani yake, lavunwa lini, laliwa na mnyama gani na kwa kipimo gani. Mche unaotolewa kwa mfugaji bila maelezo hayo ni msaada uliokatwa nusu.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023, mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa. Upande wa Tanzania, wafugaji wa Simanjiro, Longido na Monduli nao walizika mali zao. Wanyama wengi hawakufa kwa maradhi. Walikufa kwa njaa, wengine wakiwa wamesimama karibu na mabua na nyasi kavu ambazo tumbo lao halikuweza kuzitumia.

Sababu ya mnyama kufa njaa huku ana kitu mdomoni ni hii. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawameng'enyi nyasi kwa nguvu zao wenyewe. Katika tumbo lao kubwa la kucheulia wanaishi mabilioni ya vijidudu, na hivyo ndivyo vinavyovunja nyuzinyuzi na kuzigeuza kuwa nguvu ya mwili. Navyo vinahitaji kula, hasa naitrojeni inayotokana na protini. Malisho yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinadhoofika, kazi ya tumbo inapungua kasi, na chakula kinakaa ndani muda mrefu bila kusagika. Mnyama anajisikia ameshiba, anaacha kula, na anakonda.

Mabua ya mahindi yana protini ya asilimia 3 hadi 5. Nyasi za mbugani zilizokauka kwa jua la Agosti na Septemba haziko mbali na hapo. Majani ya tembo, ambayo Kenya huitwa napia, yakikatwa kwa wakati hufika asilimia 8 hadi 10, na yakiachwa yazeeke hushuka. Ng'ombe wa maziwa anayetarajiwa kutoa lita kumi au zaidi kwa siku anahitaji mlo wenye protini ya asilimia 14 hadi 16. Pengo hilo ndilo linalojazwa na mashudu ya pamba na alizeti, au chakula cha viwandani kinachouzwa kwa mifuko, kwa bei ambayo wafugaji wengi wadogo wanaimudu mwezi mmoja na kuikosa miezi mitatu.

Miti jamii ya kunde inaweza kuziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Majani ya lusina, ambayo wengine huyaita lukina, yana protini ya asilimia 20 hadi 28. Kaliandra na gliricidia huwa kati ya asilimia 20 na 25, na sesbania hufika hapo au kupita. Mizizi ya miti hii huingia chini kuliko nyasi, kwa hiyo hubaki kijani wiki nyingi baada ya malisho ya juu kukauka. Ni protini inayoota kwenye mpaka wa shamba la mwenyewe, wala haisubiri lori kutoka mjini.

Ushahidi wa kwamba hii si ndoto uko Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kilimo wa serikali ya Kenya, pamoja na wenzao wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto, ICRAF, walikaa na wafugaji wenye mashamba madogo na ng'ombe mmoja au wawili wa kulishwa bandani. Walijaribu kaliandra, kichaka chenye maua mekundu kilichotoka Amerika ya Kati, kwenye mashamba ya wafugaji wenyewe. Kilo 3 za majani mabichi, ambazo zikikauka ni kilo 1, zilionekana kuongeza maziwa karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani. Vichaka 500 vilitosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani mabichi kila siku kwa mwaka mzima.

Vichaka 500 vinasikika vingi mpaka mtu apige hesabu. Vikipandwa kwa nafasi ya nusu mita, vinahitaji mstari wa mita 250. Shamba la ekari moja lenye umbo la mraba lina mzunguko wa mita 250 na kidogo. Kwa maneno mengine, uzio wa ekari moja unaweza kumlisha ng'ombe protini ya nyongeza bila kunyang'anya mahindi hata tuta moja la katikati. Wakulima waliona hilo upesi. Hadi mwaka 2005 wafugaji wadogo wapatao 200,000 katika nchi za Afrika Mashariki walikuwa wamepanda miti ya malisho, na karibu nusu yao walikuwa wanawake, ambao katika kaya nyingi ndio wakata majani na wakamuaji.

Hapo ndipo wengi huishia wanapousifia mti wa malisho: asilimia ya protini, lita za maziwa, picha ya mfugaji anayetabasamu. Lakini asilimia ya protini ni mwanzo tu wa habari, na peke yake inaweza kumpotosha mfugaji.

Maabara zinapopima protini ya jani, kwa kawaida zinapima naitrojeni, kisha zinazidisha kwa 6.25. Namba inayopatikana huitwa protini ghafi. Inaeleza kilichomo ndani ya jani, haielezi ni kiasi gani mnyama atakipata. Ili kulijua hilo, watafiti wana njia nyingine: ng'ombe hufanyiwa upasuaji na kuwekewa kizibo ubavuni kinachofunguka hadi tumboni. Majani yaliyosagwa hutiwa kwenye kifuko cha nailoni chenye matundu madogo mno, kifuko hutumbukizwa tumboni, na baada ya saa 24 au 48 hutolewa, huoshwa, hukaushwa na kupimwa uzito upya. Kilichopungua ndicho tumbo lilichokivunja. Majani mawili yenye protini ghafi inayolingana yanaweza kutoka kwenye kifuko yakiwa mbalimbali kabisa: moja limebaki makapi machache, jingine limerudi karibu lilivyoingia.

Kinacholeta tofauti hiyo mara nyingi ni tanini. Mfugaji hahitaji maabara kuitambua. Akitafuna jani changa la kaliandra, baada ya muda mfupi ulimi unakauka na mashavu yanakazana kwa ndani, kama aliyeuma ndizi mbichi. Ukakasi huo ni tanini ikishikana na protini za mate yake. Ndani ya tumbo la ng'ombe hufanya vivyo hivyo: hushikana na protini ya malisho na kuifunga, vijidudu visiipate. Ikizidi, mnyama hula kidogo, na sehemu ya protini hupitiliza hadi kwenye samadi. Mfugaji anafurahia jani la asilimia 22 huku sehemu nzuri ya hiyo 22 ikienda kurutubisha migomba.

Tanini haikuja kumdhuru mfugaji, wala si adui kila mahali. Ikiwa kidogo, asilimia 2 hadi 4 hivi ya mlo mzima, huikinga protini isivunjwe yote kwenye tumbo la kwanza, nayo husafiri hadi utumbo mwembamba ambako hunyonywa moja kwa moja. Husaidia kuzuia tumbo kujaa gesi, na kwa mbuzi imeonekana kupunguza nguvu ya minyoo. Mbuzi na ngamia, ambao kwa maumbile ni walaji wa majani ya vichaka, huistahimili kuliko ng'ombe na kondoo. Kwa hiyo mti mmoja unaweza kuwa chakula bora zizini kwa mbuzi na chakula cha wastani bandani kwa ng'ombe. Jibu liko kwenye kipimo na kwenye mnyama, na hayo mawili ndiyo yasiyoandikwa kwenye mche unaogawiwa.

Lusina inafundisha jambo hilohilo kwa namna kali zaidi. Majani yake ni laini, mifugo huyakimbilia, na huyeyuka tumboni vizuri kuliko ya kaliandra. Kule Mtwapa, Pwani ya Kenya, majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba ng'ombe wa maziwa walioongezewa lusina juu ya majani ya tembo walikamuliwa maziwa mengi zaidi. Lakini ndani ya jani hilo mna kemikali iitwayo mimosini. Ng'ombe au mbuzi akilishwa lusina kwa wingi kwa muda mrefu, anaweza kunyonyoka manyoya, kuota rovu shingoni, kutoa mate mengi na kupungua uzito. Sungura na punda, ambao hawacheui, huathirika upesi zaidi.

Historia ya jinsi tatizo hilo lilivyopata suluhisho ni ya kuvutia. Wafugaji wa Australia waliteseka na mimosini kwa miaka mingi, ilhali mbuzi wa Hawaii walikula lusina bila shida. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, alishuku kwamba mbuzi wa Hawaii wana kiumbe fulani tumboni ambacho ng'ombe wa kwao hawana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijidudu vya tumbo kutoka Hawaii vilipelekwa Australia na kupandikizwa kwa wanyama wa huko, na sumu ikadhibitiwa. Bakteria aliyehusika alipewa rasmi jina la Synergistes jonesii mwaka 1992, kwa heshima ya mtafiti huyo. Kwa mfugaji wa Afrika Mashariki ambaye hana habari ng'ombe wake wamebeba nini tumboni, kanuni iliyo salama ni nyepesi: lusina isizidi theluthi moja ya mlo, izoeshwe kidogo kidogo, na wanyama wasiocheua wapewe kitu kingine. Kanuni hiyo inaenea kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Ingebandikwa kwenye kila mfuko wa miche.

Mwaka huohuo wa 1992 lusina ilipata pigo jingine. Mdudu mdogo anayefyonza majani machanga, ambaye asili yake ni kulekule Amerika ulikotoka mti, alifika Kenya na Tanzania na kuyakausha mashamba ya lusina yaliyokuwa yamestawi. Waliopanda lusina peke yake walibaki na vijiti. Waliokuwa na aina mbili au tatu za miti waliendelea kulisha. Tangu hapo ushauri wa wataalamu umekuwa kuchanganya, na aina nyingine za lusina zenye ustahimilivu zaidi zimetafutwa kwa ajili ya nyanda za juu. Hata hivyo vitalu vingi bado huotesha mti mmoja kwa wingi, kwa kuwa mbegu zake ndizo zilizopatikana.

Mti unaopatikana kwa urahisi kuliko yote katika nyanda za juu ni mgrivilea. Umepangwa kwenye mipaka ya mashamba kuanzia Meru hadi Kilimanjaro, na kwa mbao na kuni hauna mpinzani. Kiangazi kikiuma, wafugaji huukata matawi na kuwatupia ng'ombe. Majani yake ni magumu, hayameng'enyeki vizuri, na ng'ombe huyala kwa kukosa jingine. Mfugaji aliyezungukwa na migrivilea 300 anaweza kuamini kwamba ana akiba ya malisho, kumbe ana akiba ya mbao. Lau mstari mmoja kati ya mitatu ungekuwa wa kaliandra, miezi ya ukame ingekuwa na sura nyingine katika banda lake.

Wala isidhaniwe kwamba elimu ya majani ilianza na watafiti. Wafugaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakipima malisho kwa macho na kumbukumbu tangu zamani. Wasukuma wa Shinyanga na jirani zake walikuwa na ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika, nyasi na vichaka vikaachwa vikue, kisha ikafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, wanyama dhaifu na wa kukamuliwa. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa zimebaki hekta 600 tu hivi. Mradi ulijenga juu ya desturi hiyo badala ya kuifuta, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lilikuwa limepita hekta 300,000. Ndani ya ngitili migunga na vichaka vingine hurudi vyenyewe, bila kitalu, na mifugo hula majani na maganda yake.

Waturkana nao, kandokando ya Mto Turkwel, wana utaratibu wauitao ekwar, ambamo familia inatambuliwa kuwa na haki ya miti fulani ya kando ya mto. Thamani ya haki hiyo ni maganda ya migunga yanayoanguka kiangazi, wakati mbuzi hawana kingine cha maana. Na katika maeneo mengi ya savana upo mti wa jamii hiyo, Faidherbia albida, ambao huenda kinyume cha mingine: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi. Mkulima hulima chini yake bila kivuli kuyasumbua mazao, na mifugo hupata majani na maganda wakati hasa wa shida.

Elimu hiyo ya wazee na ile ya kifuko cha nailoni zinatakiwa kukutana, na mahali pa kukutania ni ofisi ya afisa ugani wa kata. Hapo ndipo penye upungufu. Vyuo na taasisi zenye uwezo wa kupima malisho zipo: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, taasisi za utafiti wa mifugo za Tanzania na Kenya, na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, jijini Nairobi. Matokeo ya miaka zaidi ya thelathini yamelala kwenye majarida ya kitaalamu, kwa lugha ambayo mfugaji haisomi. Mfugaji wa Rungwe au Lushoto akitaka kujua kama jani la mti ulio nyuma ya banda lake lafaa, hana pa kuuliza, au anapewa jibu la kukisia.

Wapo wanaopinga, na hoja zao ni za haki. Wa kwanza husema kazi ya kukata majani ni nzito, na inaangukia kwa wanawake na watoto ambao tayari wamebeba kuni na maji. Ni kweli. Ndiyo maana mti wa malisho unafaa upandwe hatua chache kutoka bandani, kwenye mpaka, kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, au pembezoni mwa majani ya tembo. Kilo 6 zinazokatwa mita hamsini kutoka kwenye hori ni nafuu kuliko mzigo wa nyasi unaofuatwa mabondeni. Mti ukishafika umri wa mwaka mmoja hukatwa kwenye usawa wa kiuno au chini yake kidogo, huchipua, na hukatwa tena mara nne hadi sita kwa mwaka mvua zikiwa nzuri.

Wa pili husema kiangazi kikali miti nayo hupunguza majani, kwa hiyo akiba haipo pale inapohitajika zaidi. Hili lina jawabu, na wafugaji kadhaa wa Tanga na Shinyanga wamekwisha kulifanyia kazi kwa lusina. Matawi hukatwa mwishoni mwa mvua na kutandazwa juu ya turubai kivulini. Yakikauka hupigwapigwa kwa fimbo, vijani vidogo vinadondoka, vijiti vinaondolewa, na kinachobaki ni majani makavu ya kijani yanayojazwa kwenye viroba na kuhifadhiwa juu ya kichanja, mbali na unyevu. Kiroba hicho kikichanganywa na mabua mwezi wa Septemba, huyafanya mabua yenyewe yalike na kusagika. Kwa kaliandra uangalifu unahitajika, maana ikikaushwa kwa joto kali huzidi kuwa ngumu tumboni. Hiyo ni heri ilishwe mbichi. Gliricidia ina tabia yake: harufu yake huwafanya ng'ombe wasioizoea wainuse na kugeuza kichwa. Ikikatwa jioni, ikaachwa inyauke hadi asubuhi na kuchanganywa na majani ya tembo, wengi huizoea katika siku chache.

Wa tatu husema mlonge unatosha, kwa kuwa umesifiwa mno. Majani yake yana protini nzuri kweli, ya asilimia 25 au zaidi, na tanini yake ni kidogo. Unafaa kwa kuku kwa kiasi kidogo, na kwa mbuzi wachache. Lakini kumlisha ng'ombe wa maziwa kila siku kwa mlonge kunahitaji shamba lililopandwa msongamano na kukatwa kwa ratiba. Miti miwili iliyo nyuma ya jiko haifiki popote. Sifa za mti bila hesabu ya kilo ndizo zilizowafanya watu wachoke na miradi mingine mizuri.

Maelezo haya yanaonyesha kwamba hakuna mti mmoja wa kila mahali. Kaliandra hupenda nyanda zenye mvua ya kutosha na ubaridi kiasi. Lusina na gliricidia hupenda joto, na lusina haipatani na udongo wenye tindikali nyingi. Tena huzaa mbegu kwa wingi na inaweza kugeuka gugu, kwa hiyo mahali isipokatwa mara kwa mara isipandwe. Sesbania hukua haraka lakini haina maisha marefu, na ikikatwa sana hufa. Nchi kavu za Dodoma, Simanjiro, Kajiado na Turkana zinahitaji migunga ya asili na ngitili kuliko miche ya kigeni. Waliopanda mathenge Baringo walilitazama swali moja tu, kama mti utaota.

Kinachotakiwa kufanyika hakihitaji fedha za kutisha. Kwanza, kila kitalu cha umma katika eneo la wafugaji kitenge sehemu ya miche yake kwa miti ya malisho, aina tatu au zaidi, iliyochaguliwa kwa udongo na mvua ya eneo hilo. Pili, wizara za mifugo zikae na vyuo na taasisi za utafiti, zitoe jedwali la Kiswahili kwa kila kanda: jina la mti kama linavyojulikana hapo, protini yake, kinachoyeyuka tumboni, sumu au tanini iliyomo, kiasi cha juu cha kulisha, na mnyama asiyefaa kulishwa. Tatu, afisa ugani apewe jedwali hilo mkononi na shamba la mfano la vichaka hata hamsini pale penye ofisi ya kata, wafugaji waje waone jinsi ya kukata na kukausha. Nne, vikundi vya wanawake na vijana vipewe mkataba wa kuzalisha mbegu, kwa sababu uhaba wa mbegu bora ndio umekuwa ukiirudisha nyuma miti hii tangu siku za Embu.

Miche ya kaliandra na lusina hukaa kitaluni miezi mitatu hadi minne. Atakayepanda kwenye mvua za vuli za Novemba anatakiwa awe amesia mbegu Julai, na bajeti za serikali za Afrika Mashariki husomwa Juni. Wabunge wa majimbo ya wafugaji wakipitisha mafungu ya upandaji miti mwaka huu, waulize kabla ya kuinua mikono: kati ya miche hii, ni mingapi ambayo ng'ombe ataila, na nani amepima?